Kigali: Kilima, bahari na bei ya kusimamisha nyumba

Wasikilizaji wengi wa idhaa hii walioko Maskati, Dubai, London, Brussels na Toronto wana jambo moja wanaloshirikiana, hata kama hawajuani: kila mwezi hutuma fedha Afrika ya Mashariki na ya Kati ili nyumba isimame. Na anayejenga kwa mbali huuliza kwanza bei ya mfuko wa saruji. Katika mji wa Kigali, mji mkuu wa Rwanda, swali hilo linafaa kuwa la pili. La kwanza ni hili: kiwanja kiko sehemu gani ya kilima?

Makala yetu ya historia wiki hii inautazama mji huo ambao ulianza mwaka 1907 ukiwa kituo kidogo juu ya kilima kimoja, na ambao katika sensa ya mwaka 2022 ulihesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.7. Kigali imetandazwa juu ya vilima vingi vilivyotenganishwa na mabonde yenye majimaji, katika eneo la kilomita za mraba 730. Mto Nyabarongo unapita chini, upande wa magharibi na kusini, kwenye kimo cha mita 1,300 na ushei kutoka usawa wa bahari, ilhali Mlima Kigali unapanda hadi kupita mita 1,800. Baina ya kimo hicho na kile ndipo watu wanapojenga, na ndipo gharama zinapopatikana.

Hesabu ya mteremko

Kabla hatujarudi nyuma katika historia, tufanye hesabu ndogo ambayo kila fundi mwashi wa Kigali anaijua bila ya kuiandika. Tuseme bwana mmoja aliyeko Maskati amenunua kiwanja, naye anataka nyumba ya kawaida tu, mita kumi kwa kumi. Kiwanja kiko kwenye mteremko wa asilimia 30, yaani kila unapokwenda mita kumi unapanda mita tatu. Mteremko wa namna hiyo si jambo la ajabu Kigali.

Njia ya rahisi ni kukata nusu na kujaza nusu. Udongo unaochimbwa upande wa juu unamwagwa upande wa chini, mpaka pawe tambarare. Udongo huo ni mita za ujazo zipatazo 37. Kwa macho, kazi imekwisha. Lakini nusu ya nyumba hiyo imekaa juu ya ardhi iliyolala hapo tangu zamani, na nusu nyingine imekaa juu ya udongo uliomwagwa juzi. Mvua za msimu wa kwanza zikipita, udongo uliojazwa hutitia, na ukuta hupasuka pale pale zinapokutana nusu mbili hizo. Fundi mwenye hadhari humwambia mwenye mali wakate kilima chote mpaka wapate sakafu ya ardhi ngumu. Sasa udongo wa kuondoa ni mita za ujazo 150, na kwa kuwa udongo ukichimbwa huvimba, utakaopakiwa ni karibu 190. Lori linalobeba mita saba za ujazo litakwenda na kurudi safari 27, ikiwa lori lenyewe linaweza kufika.

Hapo bado hatujanunua tofali hata moja. Nyuma ya nyumba sasa pamesimama ukingo wa udongo wenye kimo cha mita tatu, na ukingo huo lazima uzuiwe. Ukuta wa mawe wa kushika udongo, ukijengwa inavyopasa, unene wake chini hukaribia nusu ya kimo chake. Unahitaji mawe, mchanga, saruji na matundu ya kutolea maji, kwani kinachoangusha kuta hizi mara nyingi ni maji yaliyojikusanya nyuma yake. Mwenye kiwanja cha tambarare hapati gharama hii hata kidogo. Mwenye kiwanja cha mteremko huitoa kabla ya kupata chumba cha kulala, na anayemtumia fedha kutoka ng'ambo huona picha za mawe mwezi baada ya mwezi akaanza kuwa na mashaka na ndugu yake anayesimamia kazi. Mashaka hayo yamevunja udugu wa watu wengi, na pengine mara nyingine kwa haki. Lakini si kila mara. Mawe ni ghali kweli.

Kisha yako maji. Kigali hupata mvua ya milimita zipatazo 1,000 kwa mwaka, sehemu kubwa ikinyesha kwa nguvu kati ya Machi na Mei, na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Paa la bati la mita za mraba mia moja hupokea basi lita laki moja za maji kwa mwaka. Zamani maji hayo yaliingia ardhini, yakanyonywa na migomba. Sasa hutiririka na kumfikia jirani wa chini, naye humpelekea jirani wake, hadi bondeni. Ndiyo maana wakuu wa mji wamekuwa wakiwataka wenye nyumba waweke matangi na mifereji. Na tangi na mfereji navyo vinaingia katika hesabu.

Kabla ya saruji

Wanyarwanda wa kale walikaa kwenye vilima hivi hivi, bila ya gharama hizo. Hawakujenga miji. Kila ukoo ulikuwa na boma lake, urugo, katika sehemu za juu za kilima, na mabonde yakaachiwa maji, malisho na baridi. Nyumba ilikuwa ya duara, ya fito na nyasi zilizofumwa kwa ustadi mkubwa. Kiwanja chake kilisawazishwa kwa jembe kwa saa chache, kwani nyumba nyepesi haikudai ardhi ngumu. Mali ghafi zilitoka pale pale, na kazi ilifanywa na majirani. Hata makao ya mfalme yalihamahama kabla ya kutulia Nyanza, kusini mwa nchi.

Mambo yalibadilika pale mtu mmoja alipotaka nyumba ya pembe nne ya kudumu. Huyo alikuwa Richard Kandt, tabibu na msafiri wa Kijerumani aliyekuja katika nchi hizi mwishoni mwa karne ya 19 akitafuta chanzo cha Mto Nile. Mwaka 1907 serikali ya Ujerumani ilimfanya mwakilishi wake mkaazi nchini Rwanda, naye akachagua kilima cha Nyarugenge, karibu na katikati ya nchi. Nyumba inayohusishwa naye ingaliko, na sasa ni makumbusho.

Katika miaka hiyo bidhaa ya kigeni ilifika Kigali kwa safari ambayo leo ni tabu kuifikiria. Kutoka Mombasa ilipanda gari la moshi hadi Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901. Ikapanda meli kuvuka Ziwa Viktoria hadi Bukoba. Na kutoka Bukoba ilibebwa vichwani, kupitia Karagwe, kwa siku nyingi. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa baina ya kilo 25 na 30. Kitu chochote kisichogawanyika katika mizigo ya kadiri hiyo kilikuwa na dhiki kufika. Bati, msumari, kioo na saruji vilikuwa anasa.

Basi waliotaka kuta nzito walilazimika kuzitoa katika ardhi ya Rwanda yenyewe. Mapadri weupe, waliofika Save mwaka 1900, walichimba udongo wa mfinyanzi kutoka mabondeni, wakafyatua matofali na vigae, wakavichoma kwa kuni. Kanisa la Sainte-Famille mjini Kigali lilianzishwa mwaka 1913. Baadaye, chini ya Wabelgiji waliouteka mji mwaka 1916, likajengwa gereza kuu la matofali ambalo wenyeji waliliita kwa mwaka wake, 1930, jina lililodumu hadi wafungwa walipohamishiwa Mageragere mwaka 2018. Hapo ndipo ulipoanza mtindo uliodumu kwa muda mrefu: udongo kutoka bondeni, kuni kutoka misitu ya mikaratusi iliyopandwa kilimani, na tofali lililochomwa likipandishwa mteremko kwa kichwa.

Lugha inahifadhi kumbukumbu ya wakati huo vizuri kuliko majengo. Mnyarwanda anapojenga humwita mwashi wake umufundi. Tofali ni itafari. Na paa ni la amabati. Maneno matatu ya lazima katika ujenzi, na yote matatu yamekuja na Waswahili.

Waswahili wa Biryogo

Waswahili hao walikuwa akina nani? Walikuwa askari, wapagazi, watumishi na wafanyabiashara walioingia na Wajerumani kutoka pwani, Tabora na Ujiji, wakafuatwa na Wahindi na Waarabu, wakiwemo watu wenye asili ya Oman. Msikiti wa kwanza wa Rwanda, ule wa Al-Fatah, ulijengwa Kigali mwaka 1913. Chini ya utawala wa Kibelgiji watu hawa walitengewa kambi ya Waswahili, kwenye mteremko wa Biryogo, na kuhama kulihitaji ruhusa. Wengi wao hawakuwa na ardhi ya ukoo nje ya mji. Walichokuwa nacho kilikuwa biashara, ufundi na kile kipande cha mteremko walichokaa.

Ndivyo ramani ya bei ilivyochorwa. Wazungu walikaa juu, Nyarugenge na Kiyovu, penye upepo, viwanja vipana na barabara iliyofuata mgongo wa kilima. Maduka ya Wahindi na Waarabu yalikaa katikati. Waswahili walikaa upande wa mteremko. Mtu anayesema leo kwamba viwanja vya juu ni ghali kwa sababu ya mandhari nzuri anasema nusu ya kweli. Viwanja vya juu vilipata barabara kwanza, na barabara hupunguza gharama ya kila kitu kinachofuata: lori la mawe linafika mlangoni. Katika viwanja vya mteremko barabara iliishia mbali, na kutoka hapo mfuko wa saruji wa kilo 50 ulipanda au kuteremka begani kwa kibarua, kwa malipo ya kila safari. Kwa hiyo maskini, mwenye kiwanja cha bei nafuu, alinunua saruji ile ile kwa bei kubwa kuliko tajiri. Jambo hilo limeendelea katika mitaa mingi mpaka wakati wetu huu.

Maji yalifuata mkondo huo huo wa mambo, ingawa kwa sababu nyingine. Chemchemi na mito iko chini, watu wako juu. Mji umekuwa ukisukumiwa maji kwa pampu kutoka mitambo ya Kimisagara, na ya Nzove kando ya Mto Nyabarongo, kupanda mamia ya mita. Mwenye kujenga mahali ambapo bomba halijafika hununua maji ya kuchanganyia zege kwa jerikeni, nayo zege hainywi kidogo.

Bahari iko mbali

Rwanda ilipopata uhuru tarehe 1 Julai mwaka 1962, Kigali ilikuwa na watu wapatao elfu sita tu. Utawala wa Kibelgiji uliendeshwa kutoka Usumbura, yaani Bujumbura ya sasa, na mji wa Rwanda wenye shule na heshima ulikuwa Astrida, ulioitwa baadaye Butare. Kigali ilichaguliwa kwa sababu ile ile ya Kandt: iko katikati. Lakini kuwa katikati ya Rwanda ni kuwa mbali na bahari. Kwa barabara, bandari ya Mombasa iko umbali wa karibu kilomita 1,700, kupitia Malaba, Kampala na Gatuna. Bandari ya Dar es Salaam iko karibu kilomita 1,500, kupitia daraja la Rusumo katika Mto Kagera.

Umbali si kitu kibaya zaidi, kwa kuwa umbali hauongezeki. Kinachomsumbua mjenzi ni mipaka. Vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979 viliziba njia ya Mombasa. Vita vilivyoanza Oktoba 1990, pale jeshi la RPF lilipoingia kutoka Uganda, viliifunga Gatuna, malori yakageukia Rusumo. Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya zilikata barabara na reli magharibi mwa nchi hiyo, na petroli ikauzwa kwa mgawo mjini Kigali. Mnamo Februari 2019, uhusiano wa Kigali na Kampala ulipoharibika, mpaka wa Gatuna ulifungwa kwa malori, na haukufunguliwa tena kwa kudumu hadi tarehe 31 Januari 2022. Saruji ya Uganda, ambayo ilikuwa imezoeleka katika soko la Kigali, ikaadimika, bei zikapanda, na nyumba nyingi zikasimama zikiwa na kuta bila ya linta.

Rwanda ilikuwa na saruji yake tangu mwaka 1984, kilipofunguliwa kiwanda cha CIMERWA huko Bugarama kwa msaada wa China. Lakini Bugarama iko pembe ya kusini-magharibi kabisa, karibu na mipaka ya Kongo na Burundi, na baina yake na Kigali upo msitu wa milima wa Nyungwe. Ukitazama ramani utaona kiwanda kiko nyumbani. Ukipanda lori utaona kiko ugenini. Kwa miaka mingi uzalishaji wake haukutosheleza nchi. Mtambo mpya wenye uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka ulizinduliwa mwaka 2015, na baadaye kiwanda kingine kikaanza kazi Musanze, kaskazini. Nafuu imepatikana kwa kiasi, lakini nondo, vigae vya sakafu, vifaa vya umeme, nyaya na mabomba kwa sehemu kubwa bado vinatoka baharini, na hulipiwa kwa dola. Katikati ya miaka ya 2000 dola moja ilikuwa faranga za Rwanda zipatazo 550. Mwishoni mwa 2023 ilikuwa imepita 1,200. Aliyeko Maskati au London ameipata nafuu hiyo kwa fedha anazotuma. Mwalimu wa Nyamirambo anayelipwa kwa faranga ameipata hasara.

Baada ya 1994

Serikali za kabla ya 1994 ziliuzuia mji usikue. Mtu wa shamba alihitaji vibali ili ahamie Kigali, na katika sensa ya 1991 mji ulikuwa na wakazi wapatao 235,000. Kisha yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ambayo baada yake mji ulikuwa nusu mtupu na nusu magofu. Katika miezi na miaka iliyofuata waliingia watu waliokuwa wakimbizi tangu 1959, wakitokea Uganda, Burundi, Tanzania na Kongo, wengi wao wakizungumza Kiswahili. Waliingia katika nyumba walizozikuta, halafu wenyewe walio hai wakarudi kutoka makambini na kuzidai. Kesi za nyumba zikawa nyingi.

Wengine wakajenga. Hapakuwa na muda wa kusubiri ramani. Miteremko ya Gitega, Kimisagara, Gatsata na Nyamirambo ikajaa nyumba za matofali mabichi, yanayoitwa rukarakara, yaliyofyatuliwa kutoka udongo uliochimbwa pale pale wakati wa kusawazisha kiwanja. Hapa nasimama kidogo, kwa kuwa rukarakara imesemwa vibaya kupita kiasi. Katika mji ambao udongo wa kutupa ni mzigo na udongo wa kununua ni mzigo vile vile, kuligeuza shimo la msingi kuwa ukuta ni akili, si umaskini. Ukuta huo ukiwekwa juu ya msingi wa mawe, ukapigwa lipu, na paa likatokeza vya kutosha, hudumu miaka mingi. Unachoogopa ni maji kwa chini. Na kwenye mteremko usio na mfereji, maji huja kwa chini.

Kwa muda mrefu wakuu wa mji hawakutaka kuiona rukarakara katika mitaa iliyopangwa. Matofali ya kuchoma nayo yalibanwa na sheria za kulinda misitu, na tanuri za kuni mabondeni zikapigwa marufuku. Mwenye kipato kidogo akajikuta baina ya tofali asiloruhusiwa kulitumia na tofali asiloweza kulinunua. Masharti juu ya rukarakara yalilegezwa baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2010, kwa nyumba ndogo zisizo na ghorofa na kwa vipimo maalumu. Wengi walikuwa tayari wamejenga usiku.

Kilima kimoja, majina mawili

Hakuna mahali panapoonyesha historia hii waziwazi kama Kiyovu. Kilima ni kimoja, lakini watu walikigawa kwa majina mawili: Kiyovu ya matajiri, yenye miti, balozi na nyumba za enzi ya Wabelgiji, na Kiyovu ya maskini, iliyojibana kwenye mteremko wa upande wa pili. Kutoka moja kwenda nyingine ni mwendo wa dakika chache.

Mwaka 2007 bunge lilipitisha sheria ya serikali kutwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na mwaka 2008 ukapitishwa mpango mkuu wa mji, uliotayarishwa na wasanifu wa Marekani. Baadaye kampuni ya Singapore ikaurekebisha kwa kina mwaka 2013, na mwaka 2020 ukatazamwa upya. Katika miaka hiyo ya mwanzo Kiyovu ya maskini ilibomolewa. Baadhi ya wakazi walipelekwa Batsinda, kaskazini mwa mji, katika nyumba zilizojengwa kwa ajili yao. Nyumba zilikuwa mpya. Lakini aliyekuwa akishuka kwa miguu asubuhi kwenda sokoni au kufua nguo katika nyumba za jirani zake matajiri, sasa alihitaji nauli ya kwenda na kurudi kila siku. Nauli haimo katika jedwali la gharama za ujenzi. Hata hivyo ni gharama ya nyumba, na inalipwa na anayekaa ndani yake.

Mvutano mkubwa zaidi ulikuwa wa Kangondo na Kibiraro, mitaa iliyojulikana kwa jina la Bannyahe, pembeni mwa Nyarutarama ya kifahari. Kuanzia mwaka 2017 wakazi walitakiwa kuhamia majengo ya ghorofa ya Busanza, yenye nyumba zaidi ya elfu moja. Wengi walitaka fidia ya fedha taslimu, wakiteta kwamba mtu mwenye vyumba kadhaa vya kupangisha hawezi kupewa nyumba moja ya kulala na kuambiwa amelipwa. Kesi ziliendelea kwa miaka, na mwaka 2022 nyumba za mwisho zikabomolewa. Katika hoja ya wakazi hao palikuwa na jambo ambalo wapangaji miji hulisahau: kwa familia nyingi za Kigali nyumba ni makazi na ni duka pia. Vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya ua ndivyo vilivyolipa ukuta wa mawe mbele yake.

Si haki, hata hivyo, kuufanya mpango wa mji kuwa adui wa maskini peke yake. Mabonde yalihitaji kuachwa, jambo ambalo wazee wa Rwanda walilijua bila ya wataalamu. Siku ya Krismasi ya mwaka 2019 mvua kubwa iliua watu mjini Kigali. Mwezi huo huo serikali ilikuwa ikiwaondoa watu na kubomoa nyumba zilizokuwa ndani ya ardhi ya majimaji. Viwanda vya Gikondo navyo viliondolewa bondeni na kupelekwa Masoro, na bonde la Nyandungu likarudishiwa matete na ndege wake na kufunguliwa kama bustani mwaka 2022. Tatizo ni kwamba kila bonde linapofungwa na kila mteremko mkali unapokatazwa, ardhi inayobaki halali hupungua, na bei yake hupanda. Anayeshindwa hapo huenda nje zaidi ya mji, Bugesera, Rwamagana au Kamonyi, ambako ardhi ni rahisi na safari ni ndefu.

Mpazi

Katika Gitega, chini ya Nyamirambo, lipo korongo linaloitwa Mpazi, linalokusanya maji ya vilima vya kati ya mji na kuyapeleka Nyabugogo. Kwa miaka mingi lilikuwa likila kingo zake, na nyumba pamoja nazo. Mwishoni mwa miaka ya 2010 palianza hapo jaribio la namna nyingine. Wenye viwanja waliviunganisha viwanja vyao; juu yake yakajengwa majengo ya ghorofa chache, yaliyopangwa kwa kufuata mteremko badala ya kuukata wote; na wenyewe wakapewa nyumba pale pale, kwa kulinganisha na thamani ya walichokuwa nacho. Kuta zake zimejengwa kwa matofali ya kuchoma yaliyosimamishwa kwa ubavu, yakiacha uwazi ndani, mtindo unaopunguza idadi ya matofali na saruji inayotumika.

Hesabu ya mteremko iliyotupa taabu mwanzoni mwa makala hii inageuka kidogo hapo. Ukuta mmoja wa mawe unashika udongo kwa ajili ya familia nyingi, mfereji mmoja unateremsha maji yao wote, na lori linafika mara moja kwa jengo zima. Wapo wanaolalamika. Wazee hawapendi ngazi, na ua wa kuanikia nguo, kufugia kuku na kupangisha chumba haupo tena. Wapo pia wanaosema wangepokea nyumba hiyo hiyo kwa furaha zaidi kama ingekuwa na chumba kimoja cha ziada chenye mlango wa nje.

Mwendo mfupi kutoka hapo ndiyo Biryogo, ile kambi ya Waswahili ya zamani. Tangu mwaka 2021 mtaa wake mmoja umefungiwa magari na kupakwa rangi, na jioni watu hukaa nje kunywa chai na kula nyama choma, Kiswahili kikisikika pamoja na Kinyarwanda. Nyumba nyingi za mtaa huo bado ni fupi, za mabati, zimeegemeana kwenye mteremko. Kipande kile cha ardhi ambacho wazee wao walifungiwa, na kuhama kukahitaji ruhusa ya Mbelgiji, leo kimo ndani ya moyo wa mji, hatua chache kutoka madukani, na wanaokitaka ni wengi.